Miguu ya Mumbere

Siku ya pili ya wiki, 13 mai

Asubui nimeosha ambulance. Kakule, chauffeur yetu, analalamika juu ya pneu ya gari, sawa kila siku. Kisha simu. Fuso ya mbao imeanguka ku barabara ya Beni. Kijana moja alikuwa amekaa juu ya muzigo.

Tunamukuta mu matope, macho wazi. Jina yake Mumbere. Nikamuambia: chezesha vidole ya miguu. Akachezesha. Miguu yote mbili. Niliona na macho yangu.

Siye basecouriste, batu ba musaada wa kwanza, tulifundishwa: mutu wa vile hapana kumuinua. Kichwa, shingo, mugongo, mustari moja mupaka ku brancard, kitanda ya kubeba. Mais batu balijaa. "Docteur, unamuacha chini sawa maiti?" Mama moja akaanza kilio ya matanga. Muke ya Mumbere, Kavira, akanishika mukono: "Docteur, mukalishe kidogo tu, nione kama ni muzima."

Ku barabara bananiitaka docteur. Napendaka.

Nikamukalisha.

Batu bakapiga mikono. Mumbere akasema: "Papa, miguu yangu imeenda wapi?"

Ku hospitali, infirmière Masika, muuguzi, alitupokea. Akauliza kama miguu ilikuwa inacheza kule. Nikajibu: hapana, nilimukuta vile. Akaandika. Nikaenda kuosha brancard.

Siku ya tatu, 14 mai

Usingizi hapana. Nimerudi ku hospitali. Nimesema natafuta couverture yetu, blanketi ya ambulance. Uongo ingine.

Kazi yetu inaishaka ku mulango wa urgences, kule banapokeaka bagonjwa ba haraka. Miaka yote naleta batu, sijaangalia hata siku moja nini inafuata. Leo nimeangalia.

Masika anagusa Mumbere na sindano. Anatoka ku vidole, anapanda polepole. Mumbere amefunga macho. Hapa? Hapana. Hapa? Hapana. Karibu ya kitovu: ndiyo. Masika akaweka alama na bic ku ngozi. Kisha akarudi kupima tena, na tena. Anasema mugonjwa wa asubui si ule wa mangaribi.

Tumbo ilikuwa imevimba. Miye niliwaza damu. Ye akaweka tu mukono, akasema mukojo imefungwa. Akaingiza sonde, mupira ya kutoa mukojo. Mumbere akapumua sawa mutu ametua muzigo. Nilisikia woga. Ni sawa kuona mutu anasoma barua mu enveloppe bado kufunguliwa.

Kumugeuza, ni batu bane. Moja ku kichwa. Masika anahesabu, mwili inazunguka yote pamoja, sawa muti mu maji. Kavira anaangalia, ameuma kitenge.

Siku ya ine, 15 mai

Nimemuuliza Masika alisoma namna gani. Miaka ine ya humanités, sekondari ya uuguzi, kisha tatu ya institut. "Na weye, papa?" Wiki tatu. Ye hakucheka. Kakule, alikuwa amenifuata, njo alicheka: "Mwambie na mannequin yenu!"

Mannequin yetu ilikuwa kichwa na kifua. Miguu hapana. Tulijifunza kupuliza mu kinywa, kufinya kifua, kufunga damu, kubeba, kufika mbio. Si kazi ndogo. Bila siye batu bangekufa mu matope. Masika mwenyewe anasema ku barabara, bila kitanda, bila mwangaza, angetetemeka.

Mais ye, mwaka wa kwanza ya masomo, balimulaza ku kitanda. Mwenzake akamuosha, akamulisha na kijiko, akamuwekea bassin ya choo. Ajue haya ya mutu wa kulala. Miaka saba ya kujua mutu wa kulala. Nimekaa na hiyo neno siku muzima. Ni kubwa kwangu.

Siku ya tano, 16 mai

Docteur amepita. Docteur wa kweli. Miye ku mulango.

Kesho avion, ndege ndogo, inatoka ku kiwanja ya Rughenda, inaenda kule banapasuaka mugongo. Nafasi ni ya brancard moja. Docteur akasoma fichi yenye Masika aliandika: miguu ilikufa palepale. Akasema safari itamutesa bure, tumupe nafasi mugonjwa mwengine. Masika akasema kama ilikufa kidogo kisha ajali, ingefaa kumukimbiza kule. Docteur akaonyesha fichi na kidole. Imeandikwa.

Neno yangu. Inafunga kijana mu kitanda maisha yote.

Nikatoka inje. Niko muoga. Batanifukuza ku kazi. Kavira akanikuta pale na sahani ya ugali: "Docteur, umekula?"

Nikaingia naye. Nikamuambia Masika: vidole ilikuwa inacheza. Miye njo nilimukalisha. Kisha nikadanganya.

Kavira akaweka sahani chini. "Mais miye njo nilikuomba!" Nikamuambia hapana, mama. Weye hukufundishwa. Miye nilifundishwa.

Nilingoja Masika anitukane. Ye aliuliza tu kama ni miguu yote mbili, na kama ilikatika palepale nilipomukalisha. Nikajibu. Akakimbia kwa docteur. Mutu ule sijamuonaka anakimbia.

Siku ya posho, samedi, 17 mai

Docteur alikubali. Mumbere anaenda.

Rughenda, ukungu. Avion imechelewa, nikawaza ni azabu yangu. Masika alinipa kichwa nishike. Miye! Mumbere akaniangalia toka chini: "Papa, nakukasirikia."

Nikasema ye iko na haki.

"Bon. Shika muzuri basi."

Nilishika. Masika akahesabu. Mumbere akapanda bila kutikisika. Kavira akapanda nyuma yake, hakuniaga.

Chef yetu ya ambulance, amesikia yote, alichukua gilet yangu ya kazi palepale ku kiwanja. Alifanya muzuri. Mungu anasamehe, nilifundishwa hivyo. Mugongo sijui.

Siku ya tatu ya wiki, 28 mai

Kavira amepigia Masika simu. Balipasua. Muguu ya kushoto inasikia maji ya moto. Ya kuume bado.

Nikauliza Masika: atatembea? "Sijui. Tunangoja." Alisema hiyo polepole, na huruma, na bila woga. Kisha akaenda kugeuza mugonjwa mwengine.

Nilibaki ku banc, kiti murefu karibu ya mulango. Ambulance ikaingia, Kakule na mutu mupya ku nafasi yangu, kuko mama moja ku brancard. Miguu yangu ilitaka kukimbia kusaidia.

Nikasogeza banc, bapite.