Sauti Jikoni, Picha Sebuleni

Jumatatu, 13 Novemba
Brynn kapiga simu mchana. Binti yetu, miaka mitatu kwenye benchi la timu ya mpira wa wavu ya chuo, na Jumamosi anaanza! Mwenzake kateguka kifundo cha mguu. "Baba, usimwambie mtu. Nikiharibu je?" Nimewaambia watu sita.

Mechi ni ya ugenini, mwendo wa saa tisa kwa gari, na goti la mke wangu Lavonne lina siku kumi tu tangu lipasuliwe. Tutamtazama kwenye televisheni.

Jumanne, 14 Novemba
Chaneli ya michezo ya vyuo imekatwa! Kampuni ya kebo na wenye chaneli wanagombania mkataba. Kwenye kioo ni maandishi matupu. Nimepiga simu—muziki dakika arobaini na saba. Kisha mtu: itarudi hivi karibuni. Nikauliza hivi karibuni ni siku gani. Muziki tena.

Alhamisi, 16 Novemba
Chaneli bado. Jirani Orville kanicheka dukani kwa wauza mbegu: "Bado uko na kebo? Trekta lako nalo linakula nyasi?" Lakini alasiri kaja mwenyewe, akaniunganishia televisheni kwa intaneti. Picha safi!

Jumamosi, 18 Novemba
Maharage ya nyama na pilipili, mikate ya mdalasini, tayari. Na desturi yetu ileile: televisheni bubu, redio ya hapa ndiyo itangaze. Wale wa televisheni hata jina letu la ukoo, Kucera, linawashinda.

Balaa! Picha ya intaneti inachelewa nusu dakika. Redio imeshashangilia pointi, mimi naona ndiyo kwanza mpira unarushwa.

"Zima redio," nikasema.

"Zima wewe hiyo picha yako, Baba Brynn! Huyu mtangazaji nimemsikiliza miaka thelathini."

Tumegawana. Yeye na redio jikoni, mlango umefungwa. Mimi sebuleni na daftari hili, naandika pointi. Sharti: hakuna kupiga kelele.

Seti ya tano. Tunaongoza 14–13. Moja tu tushinde! Brynn ndiye anaanzisha. Anadundisha mpira mara tatu, kama alivyokuwa akifanya ghalani.

Jikoni redio iko nusu dakika mbele. Kijiko kimeanguka.

Mlango umefunguka. Lavonne kasimama, magongo kayaacha huko huko, mkono mdomoni, machozi yanamtiririka.

"Usiniambie!"

Haniambii. Haniangalii hata. Anatazama kioo.

Brynn bado kashika mpira—