Mlima wa Agastya

Jumanne jioni, Abu Hamour

Kilichoniudhi ni kwamba Lakshmi, mwenzangu wa kazini, hakujua hata kwamba ananisema mimi.

Tulikuwa tunakunja mashuka ya hoteli. Nikamuuliza yule mzee mfupi wa ndevu, kwenye picha aliyoibandika kabatini kwake, ni nani. Kumbe ni Agastya, kama walii wa kale katika dini yao ya Kihindu. Kwao kusini, Tamil Nadu, wanaamini ndiye aliyewaletea lugha na dawa.

"Alipokuwa anakuja kusini, mlima uliotaka kuziba jua ulimwinamia apite. Akauambia, 'Kaa hivyo hivyo mpaka nirudi.'"

"Akarudi lini?"

"Hakurudi, alibaki kwetu. Mlima umeinama mpaka leo."

Akacheka. Mimi nikakunja shuka lile lile mara mbili.

Zuhura, mdogo wangu, ana mchumba mwaka wa nne huu. Nilimwambia asiolewe mpaka nirudi. Mkataba wa kazi huku ugenini nimeshauongeza mara mbili, na kila akiniuliza namjibu kwa ukali. Nilidhani ananisumbua tu.

Nimemwandikia sasa hivi: "Mdogo wangu, pangeni siku. Msinisubiri."

Amejibu hapo hapo: "Kweli, dada?"