Usingizi wa Bwana Ukungu

Lusungu, ndugu yangu,

Kamwene, nakusalimu. Huku Yakobi baridi imeanza, na mama yako bado anakiweka kiti chako karibu na moto. Jana nilipofika kutoka chuoni nilikikalia bila kufikiri. Hakuniinua. Aliniongezea maharage tu.

Nakuandikia kwa sababu nimekukosea, na kosa lenyewe nimelifanya kwa wino.

Katuni yetu ya matoleo manne uliimaliza. Tulipokwisha kukuzika, mama yako alinikabidhi kurasa za toleo la mwisho zikiwa zimefungwa ndani ya kitenge chako cha kijani. Picha umechora zote, na viputo vya maneno umeniachia vitupu nivijaze, kama ilivyokuwa desturi yetu tangu Bwana Ukungu, mhusika wetu, alipoachishwa kazi kiwanda kilipouzwa, akagundua kwamba akipumua kwa hasira, ukungu unamtoka kifuani na kuyameza malori yote ya barabara ya Makambako. Mimi nilimtaka awe adui. Nilishikilia kwamba dhuluma ya soko huria haiondolewi na mtu mmoja anayeteka mizigo. Wewe ukamvika sweta la marehemu baba yako, lile lililotoboka kiwiko, na kuanzia hapo hakuna msomaji aliyeweza kumchukia.

"Komredi," ulikuwa ukinitania, "hotuba zako zinafunika milima yangu." Kila toleo viputo vikazidi kuwa vidogo. Nilidhani unabana karatasi.

Nikafika picha ya mwisho. Bwana Ukungu yuko jikoni kwa mama yake, ameegemea ukuta, viatu viko kando ya moto. Dirishani, kwa mara ya kwanza, milima inaonekana. Kiputo hakipo. Nikaamini kwamba ugonjwa ulikuwahi kabla hujakichora. Nikakichora mwenyewe, kikubwa, nikakijaza hukumu: anakiri mbele ya umma, analaani tamaa yake, anaomba aadhibiwe. Nilijivunia kila neno.

Nikampelekea Mzee Shabani, yule anayetuuzia matoleo dukani kwake Makambako, katikati ya vipuri. Akavaa miwani, akasoma kurasa zote bila haraka.

"Mwanangu," akasema, "mbona huyu anahutubia amelala?"

Nikatazama upya. Lusungu, mtu wetu amefumba macho. Hata mdomo umeulegeza kidogo, kama baba yako alivyokuwa akilala baada ya zamu. Nilikuwa nimeitafuta nafasi ya maneno yangu, mtu mwenyewe sikumwona.

"Na malori anayoteka yamebeba mali ya watu kama mimi," Mzee akaongeza. "Hata hivyo, mwache alale. Amechoka."

Nimekikwangua kiputo kwa wembe, asubuhi nzima. Karatasi imebaki na alama nyeupe juu ya kichwa chake. Niliona nimeiharibu kazi yako, lakini mama yako aliishika, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akasema alama ile inafanana na pumzi.

Itachapwa hivyo, na jina lako litatangulia langu. Chuoni mgomo unakaribia, nami nitapanda jukwaani, maana hasira yangu sijaiacha na wala hukuwahi kuniomba niiache. Lakini nakuahidi: kabla ya kufungua kinywa, nitawatazama kwanza waliosimama mbele yangu, mmoja mmoja, mpaka nimjue aliyechoka.

Pumzika, dada wa milima. Juu yako sichori kiputo.

Komredi wako