Nyongo Yangu na Nywele za Severini

Ifakara,
mpunga wa mwisho ukivunwa

Dada yangu Theresia,

Shikamoo dada. Mama naye nampigia magoti kutoka huku. Mwambie mwanawe bado anakumbuka kupiga magoti, ila siku hizi anainama polepole. Miguu ya mama imepungua kuvimba? Baba watoto wako bado anakohoa? Mimi ni mzima, kwa kadiri mtu aliyepasuliwa tumbo anavyoweza kuwa mzima. Nakula, natembea, nafanya kazi. Kinachonisumbua ni kifua, kinawaka moto.

Barua yako nilipewa na dereva wa lori la mchele. Umeniuliza kama ni kweli nimetolewa nyongo, na kama ni kweli nilisimama hadharani pale Idete, kwa wakwe zangu, nikamtazama shemeji yangu akinyolewa kichwa, na kwamba mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Yote mawili ni kweli. Tena unaniambia mama anataka nimwombe Alfonsi msamaha nirudi kwenye ndoa yangu. Basi msomee mama barua hii polepole, usiruke mahali, kisha aseme tena hayo maneno yake.

Ugonjwa wenyewe mama aliuona alipokuja kututembelea, ila hakuna aliyejua ni nini. Nikila kambale wa kukaanga au mboga ya karanga, kabla vyombo havijaoshwa maumivu yananishika chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka begani, natapika maji ya kijani. Kesho yake naenda shambani kama kawaida. Mama mkwe alinichemshia mizizi ya kila aina. Sikatai, mwanzoni alinihurumia.

Severini, mdogo wake Alfonsi, unamkumbuka. Ndiye yule aliyecheza harusini kwangu na kioo mfukoni. Nywele zake alizipaka mafuta ya nazi, akazipasua njia upande wa kushoto, na akienda mjini aliendesha baiskeli bila kofia ili wanawake wamwone. Nyumba yake na yetu zilikuwa uwanja mmoja. Alikuwa na mtoto wa kike, Yusta, na mtoto yule alinizoea kuliko alivyomzoea Adelina, mama yake mzazi. Nilikuwa nampandisha dunguni tukifukuza ndege kwenye mpunga, akiimba na kupiga debe mpaka analala mapajani kwangu.

Yusta akapata homa wakati wa mafuriko, njia ya Ifakara imejaa maji, akafa. Tulikuwa msibani, nimekaa mkekani na wanawake wenzangu. Wakatuletea wali na samaki, nami nikala kidogo kwa sababu nilikuwa sijala tangu mtoto aanze kuumwa. Maumivu yakanishika hapo hapo. Nikajikunja, nikalishika tumbo, nikalia, na sijui hata leo kama nilikuwa namlilia Yusta au ubavu.

Severini akasimama katikati ya watu. "Mwangalieni," akasema. "Mwangalieni anavyolishika tumbo. Mtoto wangu yumo humo. Amemla, na sasa hasagiki."

Dada, hakuna aliyecheka wala aliyemwambia akae. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga.

Wakamleta mnyoaji kutoka ng'ambo ya mto, mtu wa kuwanyoa wachawi. Wakaniweka uwanjani, jumbe wa kijiji ameketi kwenye kiti chake anatazama. Wembe ulikuwa mkavu, hawakunitia hata tone la maji. Nilipojaribu kuinuka, mtu akanishika mikono kutoka nyuma akanikandamiza. Nikageuza shingo nimwone ni nani. Alikuwa Alfonsi, mume wangu wa kanisani.

Nikamwambia, "Alfonsi, wewe unajua ninavyoumwa."

Akasema, "Tulia, yaishe." Hakuniachia.

Wakaninywesha dawa ya kutapisha uchawi. Nilitapika mpaka damu, wakafurahi, wakasema unatoka. Alfajiri nikaondoka na kanga mbili. Sikufika mbali. Katekista mmoja alinikuta nimelala kando ya njia, macho yamekuwa manjano kama binzari, akanipakia kwenye baiskeli yake na kuisukuma kwenye matope mpaka hospitali ya misheni hapa Ifakara.

Daktari alinipasua. Nilipozinduka, sista akanionyesha chupa. Ndani mna vijiwe, dada, vya rangi ya udongo, vingine vikubwa kama punje ya mahindi. Vilikuwa kwenye mfuko wa nyongo. Mfuko ulikuwa umeoza, wakautoa na mawe yake. Sista alidhani ninalia kwa kuogopa. Nilikuwa nalia kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini. Ndiyo. Kule msibani, watu wote walivyonikazia macho, kuna kipande cha moyo wangu kilichojiuliza, je, nilimla Yusta usingizini bila kujua? Hilo ndilo ninalomdai Severini. Nywele zangu ziliota tena.

Sasa nikueleze kuhusu kifua, maana mama ataniuliza. Yale maumivu ya ubavu yamekwisha kabisa. Lakini daktari anasema nyongo sasa haina pa kutulia, inashuka ovyo na mara nyingine inarudi juu. Nikila nikashiba, maji machungu yanapanda mpaka kooni na kifua kinaungua kama nimemeza kaa la moto. Kiungulia unakijua, ulikipata ulipokuwa mjamzito. Changu hakingoji mimba. Mafuta yanakiamsha, pilipili inakiamsha, hata chai ya rangi kabla ya kula. Nilipewa kazi ya kufua mashuka ya wagonjwa, na kila nikiinamia beseni maji yale yanapanda puani. Sista akanihamishia kwenye pasi ya mkaa, kwa kuwa huko nasimama wima.

Nimejifunza kuishi nacho. Nakula kidogo kidogo kama kuku, na nikishakula silali, nazunguka kwanza. Kanga siikazi kiunoni. Kitanda changu kina matofali chini ya miguu ya upande wa kichwani, nalala nimeinuka, wenzangu wananiita malkia. Jirani yangu mmoja aliniambia nitafune mchele mkavu, nikatafuna, ukanisaidia siku moja tu. Mwingine akaniambia nilambe jivu. Hilo nilimwachia mwenyewe. Hospitali wananipa dawa nyeupe ya maji, ina ladha ya chokaa, nikinywa funda moja moto unatulia. Natembea nayo kwenye kikapu.

Nilipopata nguvu za kutembea, nikamwomba Kosmas, dresa wa hospitali anayemsaidia daktari, anisindikize Idete. Mto ulikuwa umeshuka, njia imekauka. Nilimwambia jumbe aite baraza, na aite watu wale wale waliokuwepo. Alitaka kukataa, lakini akaiona chupa ya vijiwe mkononi mwa Kosmas, na Kosmas amevaa kaptula yake nyeupe ya kazi, akaita.

Kosmas akawaeleza vizuri, bila kiburi. Akawaambia mawe haya yalikuwa kwenye nyongo, watu wengi huwa nayo, hata wazungu. Chupa ikapita mkono kwa mkono. Wazee wakaitikisa, wakaisikiliza.

Severini akasema, "Hizo ni hirizi zake alizomeza."

Kosmas akamjibu, "Mimi nilikuwepo. Nilishika taa daktari akiyatoa mawe haya. Ukitaka kubisha, njoo hospitali tukupasue na wewe tulinganishe."

Watu wakacheka. Baada ya kicheko hicho nikaona baraza limegeuka.

Jumbe akaniuliza, "Mama, unataka nini? Severini atatoa mbuzi, yaishe."

"Sitaki mbuzi. Mbuzi ana mafuta, daktari amenikataza."

"Unataka nini basi?"

"Anyolewe. Hapa hapa, kwa wembe mkavu."

"Hukumu kama hiyo sina kwenye sheria."

"Na mimi mlininyoa kwa sheria ipi? Wewe jumbe ulikaa kwenye kiti hicho hicho. Kama huna hukumu, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya kule Mahenge, anayo. Kumwita mtu mchawi ni kosa la kufungwa, na aliyekaa akatazama naye ataulizwa. Chagueni. Mimi nina miguu na nina shahidi."

Wakaenda pembeni kunong'ona. Waliporudi, Severini alikuwa ameshakubali, uso umemshuka. Jela aliiogopa kuliko wembe.

Nikasema, "Bado. Alfonsi amshike mikono."

Alfonsi akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Fidea, huyu ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja."

Nikamjibu kwa sauti ya juu, "Na mimi nilikuwa mke wako. Mshike."

Akamshika. Mzee mmoja akashika wembe. Nywele zile zenye njia zikaanza kuanguka mavumbini, kwanza upande wa kushoto. Severini alipotikisika kwa uchungu, Alfonsi akamkandamiza, kama alivyonikandamiza mimi, kisha akasema neno lile lile, "Tulia." Nilisikia. Sitasahau nilivyolisikia.

Adelina akatoka nyumbani na bakuli la maji amloweshe mumewe kichwa. Nikamwambia, "Rudisha maji." Akanitazama, dada. Alikuwa amekonda, na alikuwa amejifunga kitambaa cha Yusta kifundoni mwa mkono. Hapo tu ndipo moyo wangu uliyumba. Kifua kikaanza kuungua, maji machungu yakapanda. Nikatoa dawa yangu kikapuni, nikanywa funda, nikapangusa mdomo, nikaendelea kutazama mpaka kichwa kikawa cheupe chenye mistari ya damu. Sikumwita Adelina arudi na maji.

Baadaye wakapika chakula cha kupatana, maana desturi ni hiyo, mkila pamoja neno limekwisha. Mama mkwe alipika bata kwa mafuta mengi, akaniletea bakuli kwa mikono yake miwili, amepiga goti, yeye mzee mbele yangu. "Kula, mwanangu," akasema, "tusameheane."

Nikamwambia, "Daktari amenikataza." Ni kweli alinikataza mafuta. Lakini palikuwa na ugali mweupe na mchicha wa maji na chumvi, na hivyo hakunikataza. Sikuvigusa. Kosmas alikula bata wangu.

Tulipofika mwisho wa mashamba, Alfonsi akatukimbilia. Kosmas akatangulia na baiskeli yake ili tuzungumze.

"Nimefanya ulivyotaka," Alfonsi akasema. "Mbele ya watu wote. Sasa turudi nyumbani, mke wangu. Nitakupikia mwenyewe vitu visivyo na mafuta."

Alikuwa analia. Zamani machozi yake yangenimaliza.

Nikamwambia, "Alfonsi, mikono yako sasa naijua. Inamshika yeyote unayeambiwa umshike."

Nikageuka nikaenda. Aliita jina langu mpaka sauti ikapotea kwenye matete.

Basi dada, hiyo ndiyo habari iliyofika huko kwetu Ungoni ikiwa imekatwa kichwa na miguu. Padri hapa ameniambia nisamehe, nikamwambia nimemsikia. Wewe nawe umeniambia, nimekusikia. Lakini juzi alikuja mwanamke wa Idete kuuza mchele, akanipa habari za kule. Alfonsi na Severini hawasemezani. Severini amejenga ua wa matete katikati ya uwanja, na anavaa kofia mpaka ndani ya nyumba ingawa nywele zimeanza kurudi. Mama mkwe anapika vyungu viwili, kimoja anakipeleka huku na kingine kule, na akimpelekea mmoja kwanza, mwingine hali. Nilicheka, Theresia. Nilicheka nimeegemea meza ya kupigia pasi mpaka kiungulia kikapanda, nikanywa dawa, nikacheka tena. Yule mwanamke alinishangaa, akachukua pakacha lake akaenda zake.

Usimfiche mama sehemu hiyo. Ni afadhali ajue mtoto wake alivyo kuliko kumwombea mtu ambaye si mimi.

Nisalimie kaka yetu mkubwa, mwambie asije Idete kutafuta suluhu, njia ni mbaya na suluhu haipo. Msalimie shangazi aliyenisuka nywele siku ya harusi, mwambie zimefika mabegani. Wasalimie watoto wako, na mama mdogo wa kule mlimani, na fundi seremala jirani yetu kama bado anaishi. Kama mtapata mtu anayekuja huku, nitumieni unga wa ulezi, uji wake hauniunguzi.

Kwa mama nina ombi moja. Kila jioni najua anasali. Asiniombee nisamehe. Aniombee kifua kipoe, hilo moja linatosha, mengine nitamweleza Mungu mimi mwenyewe tukikutana.

Ni mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni,

Fidea