Heri ningekuwa nimegeuza sanduku

Jumapili, Novemba 2018. Washwood Heath, huku ughaibuni. Mvua haijakatika tangu Alhamisi, na leo siipendi hata sauti yake.

Moyo hautulii. Nimepika, nimefua, nimemkasirikia kila mtu humu ndani bila sababu, na bado hautulii.

Kazi yangu watu wengi hawaielewi. Pale ghalani Tyseley tunaletewa vipande virefu vya udongo na mawe vilivyotolewa ardhini kwa mashine, tunavipanga kwenye masanduku: cha juu kinaanza kushoto, cha chini kinamalizia kulia. Halafu tunatafuta amonaiti, wale viumbe wa bahari wa enzi ya Jurasi, wenye gamba lililojikunja, waliogeuka mawe, yaani visukuku. Walio laini ni wa zamani zaidi, kwa hiyo hukaa chini. Wenye mbavu, yaani matuta kwenye gamba, walikuja baadaye, hukaa juu yao. Ukiwakuta kwenye visima viwili, yale matundu vilimotolewa vipande, unajua tabaka lipi la huku lina umri mmoja na lipi la kule, hata kilima kizima kikiwa katikati.

Ijumaa niliwakuta wenye mbavu chini ya walio laini.

Furaha, mwenzangu wa meza, Mkongomani wa Bukavu, alicheka. "Uligeuza tena caisse, dada. Wee unasomaka kama mu Coran, unaanza ku kuume." Kweli wiki yangu ya kwanza nililipanga sanduku kuanzia kulia, mkono ulifuata mazoea ya madrasa ya Eastleigh, na mpaka leo hajaniachia. Nikacheka pia. Kisha nikaangalia alama za rangi walizochora wachimbaji kuonyesha juu na chini. Zilikuwa sawa. Na pale walipokutana laini na wenye mbavu, udongo ulikuwa unang'aa na kuteleza kama sabuni iliyolowa.

Maana yake, kama sikukosea, kile kilima vilikotoka vipande kiliwahi kuporomoka zamani, kikajilalia chenyewe. Na kesho wanaanza kukikata mguu ili barabara ipite; kikikatwa, kinaweza kuporomoka tena. Anayeendesha mashine pale chini ni Baraka, mume wa Furaha.

Nilimwambia bosi. Alinisikiliza kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi. Alisema huenda nimegeuza sanduku tena, mtaalamu wa visukuku anakuja Jumatano, kazi haiwezi kusimama kwa ajili ya sanduku moja.

Niseme ukweli: nilifarijika. Tangu Ijumaa naomba kila sala niwe mimi ndiye mjinga.

Leo Furaha alinipigia walipotoka kanisani. Alikuwa amemwambia mumewe habari zangu, mumewe akacheka, kisha akachomoa kitu mfukoni mwa koti lake la kazi. "Anasema ni ya weye, sababu unapendaka hivi vitu. Aliiokota mu mtaro, kule chini kabisa."

Akanitumia picha. Kiganja kipana, tope kwenye kucha, na jiwe katikati. Nililivuta karibu kwenye simu, nikalirudisha, nikalivuta tena.

Lina mbavu.

Mahali pale kisima cha jirani kinasema kuna walio laini tu. Na jiwe hili halikupita kwenye sanduku lolote. Mkono wangu haukuligusa.

Nimempigia bosi mara kadhaa, hapokei. Nimemwandikia Furaha asimruhusu mumewe aende. Akajibu kwamba mkataba bado mpya, na Baraka ni mkaidi, hamsikii. "Weye ndiye unajua mawe," akaandika. "Kuya umwambie."

Nje maji yanashuka mtaroni kana kwamba yana haraka. Huko mashambani nayo yanaingia kilimani, na hakuna anayeona yanafika wapi.

Alfajiri gari la kazi litapita Nechells, wanakokaa Furaha na mumewe, kuwachukua wafanyakazi. Nitakuwa nimeshasimama mlangoni kwao. Nitamwomba Baraka hilo jiwe, nimshikishe, nimwonyeshe mbavu zake kwa kidole. Asiponielewa, basi, shemeji yangu itabidi anisukume ndipo apite.