Goti la Kiberiti

Mwenzangu, acha unachofanya usome.

Leo timu nzima ya chuo tumepimwa kabla ya fainali ya kesho. Unapanda juu ya kasha, unaruka chini, daktari wa timu anaangalia magoti.

Kiberiti, huyu ninayekaa naye chumba kimoja, aliporuka goti la kushoto likapinda kwa ndani. Akarudishwa, likapinda tena. Vilevile kabisa.

Daktari akamvuta kocha pembeni, karibu na nilipokaa. "Siwezi kuapa, lakini goti hili mimi ningelipumzisha."

Kocha akamjibu, "Mtu anakimbia hivi unaniambia mgonjwa? Kesho anaanza."

Kiberiti mwenyewe hakusikia. Alikuwa anafunga kamba za viatu, anacheka.

Nikajisemea basi, kocha haamini vipimo. Tunatoka, akanishika bega mimi, mtu wa benchi. "Kesho pasha mwili tangu filimbi ya kwanza."

Tangu filimbi ya kwanza. Unaona? Amemwamini daktari, ananiweka tayari goti likigoma.

Sasa Kiberiti yuko hapa, anapiga pasi jezi yake na yangu. Ameniuliza kocha alikuwa ananiambia nini.

Namba yake uwanjani nimeitamani mwaka mzima, unajua.

Nimemjibu, "Salamu tu."