Ng'ombe wa Balozi

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mbwa wote wa uani wanataka kuingia ndani, na wote wananuka. Nimewapikia dona na utumbo. Mwenye duka la vitambaa mjini, Mhindi mmoja mpole, amekuja kumchukua yule jike anayechechemea. Nilimhoji kama polisi. Atalala wapi? Nani atamlisha duka likifungwa? Akajibu yote bila kukasirika. Nimempa. Sijamwamini bado. Huwa simwamini yeyote anayekuja Rau kuchukua mbwa kwangu.

Mchana, Machame. Nimeitwa kumtibu ng'ombe wa Mzee Anaeli, balozi wa nyumba kumi. Udenda unamchuruzika, analia kwa sauti ya kukwaruza, hali chochote. Mzee kasema amekabwa na parachichi. Nikazamisha mkono hadi kooni. Hakuna parachichi. Hakuna kitu.

Nimerudi na wazo moja ambalo sitaki kuliandika.

Jumanne, 9 Aprili

Naliandika. Kichaa cha mbwa.

Leo miguu ya nyuma ya ng'ombe inapepesuka. Maji anayatazama tu, hawezi kumeza. Nilimuuliza balozi kama kuna mbwa aliyemng'ata. Sijamaliza swali, akajibu.

"Mbwa wa Mwalimu. Yule uliyemleta wewe."

Haraka mno. Mtu akiulizwa jambo kama hilo hufikiri kwanza.

Mbwa wa Mwalimu ni Bosi. Nilimwokota karibu na gereji fulani mjini, mnyororo umemla shingo. Nikamtibu, nikamchanja, nikampa Mwalimu Kaanasia, mstaafu anayeishi peke yake, kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, kimepakana na cha balozi. Bosi hamjui mtu zaidi ya huyo mama.

Nimepita hospitali kuchomwa sindano. Nilichanjwa zamani nilipoanza kazi, lakini mkono wangu ulikuwa na mikwaruzo na sikuvaa glovu. Upumbavu. Naogopa.

Jumatano, 10 Aprili

Ng'ombe kafa. Nilikata kichwa mwenyewe, nimevaa kila nilichonacho, nikakipeleka maabara. Nimewaambia wachimbe shimo refu, wasile nyama, maziwa yaliyobaki wayamwage. Walisikia. Wengine walinuna, nyama nyingi hivyo.

Balozi alikuwa ameshakusanya watu. Wanaume na fimbo kwenye lango la Mwalimu, wanataka Bosi auawe leo leo. Mwalimu kasimama mlangoni na panga la kukatia majani. Wengi wao amewafundisha kusoma. Akawa anawaita kwa majina, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa aliinamisha macho. Balozi peke yake hakuinamisha.

Nikasema namchukua. Siku kumi chini ya macho yangu. Kama ana ugonjwa huo, atakuwa amekufa kabla hazijaisha. Wakakubali kwa shingo upande.

Nilichokificha: wiki ile niliyomchanja Bosi, umeme ulikatika sana. Friji la chanjo sikulifungua, barafu ilikuwepo. Nadhani ilikuwepo.

Ijumaa, 12 Aprili

Bosi yuko banda la peke yake. Anakula. Anakunywa. Nasimama namtazama akinywa kama mtu anayesubiri mwizi. Akipiga miayo nashtuka. Akibweka nasikiliza kama sauti imebadilika.

Namshuku mbwa. Naishuku chanjo. Najishuku mwenyewe. Mwalimu anapiga simu asubuhi na jioni, na kila mara namjibu vizuri kuliko ninavyojisikia.

Jumapili, 14 Aprili

Sikwenda kanisani. Nilikuwa nafua makoti ya kazi ndipo nikakumbuka.

Balozi ana mbwa. Chui, wa njano, mkali. Mwaka jana nilipokwenda kumpandikiza mbegu huyo huyo ng'ombe kwa mrija, alinibwekea hadi nikamaliza. Wiki hii hakuna aliyenibwekea. Mnyororo upo pale pale ukutani mwa banda. Mbwa hayupo.

Nimempigia.

"Chui? Nilimpa shemeji yangu, yuko Tarakea."

"Lini, mzee?"

"Siku nyingi."

Nikaomba namba ya shemeji. Simu ikakatika. Nikapiga tena. Imezimwa.

Anadanganya. Sijui kwa nini. Huyu ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba mwaka jana akiwaamuru watu walete mbwa kwenye chanjo. Asiyeleta alitishiwa kupelekwa kwa mtendaji. Nilimshukuru hadharani. Sasa najaribu kukumbuka kama Chui aliletwa siku ile. Simwoni.

Jumanne, 16 Aprili

Majibu yametoka. Ni kichaa cha mbwa.

Nilipanda Machame kuchanja mbwa wa mtaa mzima. Watu walikuja na mbwa wamefungwa kamba za katani, za migomba, hata tai ya shule. Kila nyumba niliuliza: nani ameng'atwa? Hata mkwaruzo. Hakuna.

Kwa balozi nilikaribishwa chai. Mkewe, Mama Ndeshi, alinipa kikombe kwa mkono wa kushoto.

Mama wa Kimachame, mzee wa kanisa, anampa mgeni chai kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya kitenge. Nilimwamkia, nikanyoosha mkono nimshike. Akajifanya ana unga mikononi. Mumewe alikaa nasi muda wote. Kila nilipomuuliza mama kitu, alijibu yeye.

Nimekunywa chai yote. Sikusikia ladha yake.

Jumatano, 17 Aprili

Leo kulikuwa na mkutano ofisi ya kata. Nilijua balozi hawezi kukosa. Nikaenda.

Mama Ndeshi alikuwa anakata majani ambayo hayana ng'ombe wa kuyala. Mazoea. Nikamwamkia, nikamwambia wazi. Mama, naomba nione mkono wako.

Aliweka majani chini. Kisha akautoa. Kovu jekundu chini ya kidole gumba, alama za meno mbili.

"Ni Chui," alisema. "Katikati ya Kwaresma. Alimrukia ng'ombe, nikaenda kumtoa."

"Ulikwenda hospitali?"

"Baba Ndeshi alimuua, akamfukia mgombani. Akaniambia ninyamaze. Yeye ndiye aliyewasumbua watu na chanjo, na wake alikuwa hajampeleka. Angekwenda wapi na uso wake?"

Uso. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikamwambia avae viatu.

Tulikuwa tunaingia garini mzee alipotokea kwenye njia yenye ua wa masale. Mtu keshampigia simu, bila shaka. Akashika mlango wa gari.

"Dokta, wewe ni wa ng'ombe. Mke wangu haendi popote."

"Mzee, ng'ombe umemwona alivyokufa. Huyu ataanza hivyo hivyo, na akianza hakuna sindano. Utamsikia akililia maji ambayo hawezi kumeza."

Hakuachia mlango. Mama Ndeshi akamsemesha kwa Kichagga, taratibu, kama anayemwomba asogee apite na kuni. Sikuyashika yote. Nilishika jina la Ndeshi tu, binti yao.

Akaachia. Halafu akafungua mlango wa nyuma, akapanda. Nikaendesha hadi hospitali. Kwenye benchi alilia, kofia imefunika mdomo. Sikumhurumia. Sikuweza.

Mama Ndeshi amechomwa. Tumechelewa, daktari kasema, lakini tumewahi dalili. Ataendelea na sindano. Tusubiri.

Jumamosi, 20 Aprili

Bosi ni mzima. Anakula kama ana deni na dunia. Nimempandisha kwa Mwalimu. Alimwona tu akaangua kilio, mama ambaye hakutikisika mbele ya fimbo zile.

Balozi aliita watu wale wale, akasimama, akasema yote. Chui, mgomba, mkono wa mkewe, uongo wake. Sauti ilimtoka vipande vipande. Hakuna aliyecheka. Kisha akamletea Mwalimu jani la sale lililofungwa fundo, la kuomba msamaha, kama desturi ya Wachagga. Mwalimu alilipokea, akaliweka dirishani, akaingia ndani na Bosi.

Sijui ningefanya nini mimi.

Jumapili, 30 Juni

Baridi ya Juni. Ukungu hadi barabarani.

Mama Ndeshi ni mzima. Sindano zilikwisha Mei. Daktari kanionya tusisherehekee bado, ugonjwa huu una subira. Kwa hiyo simu yoyote kutoka Machame naipokea kabla haijaita mara ya pili.

Ya jana ilikuwa yake. Aliomba mbwa. "Si wa Baba Ndeshi," alisema, "wangu mimi." Nikamwambia nitamletea. Leo nimempelekea jike mdogo mweusi, mpole, amechanjwa. Nilimuuliza maswali yangu yote. Alijibu yote. Balozi alikuwa kando akitengeneza mfereji. Aliniamkia, nikaitika. Hatuna zaidi ya hapo.

Mama akaondoka na mbwa kuelekea jikoni, anamsemesha Kichagga. Mbwa hakugeuka kunitazama. Nilikaa kidogo garini, vioo vimejaa ukungu. Kisha nikashuka Moshi polepole.